Matawi Kumi na Moja ya Bobini

Jumapili, mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limetulia tangu baridi ilipopungua. Mimi sijambo. Kazi inaendelea, na paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda changu limezibwa, ingawa fundi alinizungusha wiki mbili kwa hadithi za ngazi aliyomwazima mtu. Kila nikimwona ni kesho, kesho. Ungekuwepo ungemvuta sikio.

Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, na kila mstari nimeruka mmoja, ili usihangaike. Chukua ile lenzi unayotungia uzi, ukae mahali penye mwanga, usome mwenyewe polepole. Usimpe Mama mdogo akusomee. Si kwamba simwamini. Ila yeye husoma kama anayekimbizwa na mbwa, na barua hii haitaki mbio. Ukishaimaliza, ukiona vema kumpa, mpe.

Nianze na lililonifanya nishike kalamu. Mama mdogo alinipigia simu Jumatatu iliyopita, hata salamu hakuzimaliza. Alisema dada yake amekuwa mkaidi kuliko cherehani iliyoshika kutu. Kwamba ile Ijumaa alifika kwako alfajiri akupeleke kwa daktari wa macho, akakukuta umeoga, umevaa, viatu viko miguuni, lakini umekaa kwenye kitanda cha Bobini na huinuki. Alipouliza kulikoni ukamwambia una shughuli. Alipouliza shughuli gani ukamjibu kwamba leo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ukageukia dirishani. Amesema mlingoja miezi minne kupata nafasi ile ya kutolewa mtoto wa jicho, kwamba daktari yule huja Ijumaa ya mwisho tu, siku nyingine hayupo, na wagonjwa wake huachiliwa jioni, na kwamba jicho la kushoto likiachwa hivyo hadi mwakani hakuna wa kukuahidi kitu. Alimbembeleza karani mpaka akakupatia nafasi nyingine mwezi huu, Ijumaa ya mwisho vilevile. Akanituma nikuulize mimi, labda mimi utanijibu, maana yeye amechoka kuongea na ukuta.

Sikukuuliza, Mama, kwa sababu najua. Tangu tulipomzika mdogo wangu Bobini, simu yake iko dirishani chumbani kwake, pale pekee nyumbani ambapo mtandao unashika, na chaji haitoki usiku wala mchana. Na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kama saa kumi jioni, simu hiyo hulia mara kumi na moja. Wewe ndiye uliyenipa habari mara ya kwanza. Ulisema uliondoa mguu kwenye cherehani ukahesabu. Ukasema kwenye kioo limetokea jina lake na tarehe ya siku ileile, ukaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwako, kama hayo ni mambo ya kawaida. Nikakujibu kwamba hizi kompyuta zina mambo yake, hujiendesha zenyewe.

Jibu hilo ndilo ninalolirudia leo. Ila siwezi kulifikia kwa mruko mmoja. Nivumilie nikueleze kwanza kazi yetu mimi na yeye, maana kwa miaka sita hukuwahi kuuliza. Ulikuwa ukiwaambia wateja tu kwamba wanao wanachapa.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Meza tano, feni inayogonga kila ikizunguka, na ukutani kioo kikubwa kinachoonyesha nani amefanya nini na lini. Tunatengeneza programu inayopanga foleni katika hospitali na zahanati, ile inayokupa namba mlangoni na kuiita zamu yako ikifika. Programu yote iko mahali pamoja tunapopaita ghala. Sasa fikiria karatasi yako ngumu ya kukatia magauni, ile inayoning'inia msumarini, ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuigusa kwa mkasi. Mteja akitaka kwapa pana zaidi huikati ile. Unaifuatisha kwa penseli kwenye karatasi nyepesi, unajaribu huko, unakosea huko, na likikaa vizuri ndipo unarudi kuirekebisha ile ngumu. Na sisi ni hivyo. Karatasi ngumu tunaiita shina, karatasi nyepesi tunaziita matawi. Kila mtu hufungua tawi lake, hufanyia humo kazi yake, na ikikubalika huunganishwa kwenye shina. Kazi inakuwa imeingia. Tawi lenyewe halina kazi tena, ni karatasi nyepesi iliyobaki sakafuni.

Na kama ilivyokuwa kwako, kazi ya kuokota karatasi sakafuni ni yangu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi natoa orodha ya matawi yaliyokwisha kuunganishwa ambayo hayajaguswa tangu Ijumaa ya mwisho iliyopita, nayafuta moja moja. Si kazi ya sifa. Lakini yasipofutwa, baada ya mwaka mtu akitafuta tawi lake ni kama kutafuta sindano katika gunia la vipande vya vitambaa.

Wenzetu hufuta mengi ya kwao mara tu yakiunganishwa, wakisahau machache. Bobini, hata moja. Unamjua. Ni yuleyule aliyekuwa akivua suruali inabaki imesimama sakafuni kama inamsubiri arudi kuingia. Nilikuwa nikimfokea mbele ya watu kwamba mimi si yaya wake, naye ananijibu kwamba dada mkubwa ni yaya bila mshahara, liko kwenye katiba. Kila tawi aliliandika jina lake la nyumbani mbele, bobini, lile ulilolitoa kwenye kigurudumu cha uzi cha cherehani yako, kisha kazi yenyewe. Mkuu wetu alimwambia mara moja kwamba jina hilo halifai ofisini. Akamjibu kwamba mamake amelishona juu yake, hajui pa kuanzia kulifumua. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani.

Mara ya mwisho Mkuu alipomshughulikia kwa kuchelewa, tawi alilokuwa akilifanyia kazi lilikuwa lako. Sijui kama alikuambia. Unakumbuka siku uliyokaa hospitali tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa sababu namba yako iliitwa hukuisikia? Uliporudi ulilisimulia kama kichekesho, kwamba mwanamke yule wa kwenye spika anaita watu kama anauza samaki. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Jumatatu yake alifungua tawi. Akafanya namba iitwe mara mbili, polepole, tarakimu moja moja, na kati ya wito wa kwanza na wa pili pawepo nafasi ya mtu kuinua kichwa. Profesa, mwenzetu ambaye tumempa jina hilo kwa sababu hamalizi jambo, alipinga akisema foleni itachelewa. Bobini alikaa na saa mkononi akampimia. Ni sekunde nne, akasema. Kama kuna mgonjwa hapa anayeshindwa kumngoja mama yangu sekunde nne, aletwe nimwone. Tawi liliunganishwa siku kumi na mbili kabla hajaugua.

Sauti ya spika ni ya Mkuu mwenyewe, mama mtu mzima, ukiisikia utadhani mwalimu wa zamu. Ila ule upole wake wa sasa ni wa mwanao.

Alipotutoka alikuwa na matawi kumi na moja. Yote yalikuwa yamekwisha, yote yameunganishwa. Hakuacha kazi hata moja njiani, jambo ambalo lilinishangaza, maana hakuwahi kumaliza hata kikombe cha chai.

Nilirudi kazini wiki ya tatu. Meza yake ilikuwa vilevile. Kiti chake alikuwa amekiinua juu sana kwa sababu ya ile miguu yake, nami nikikikalia miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto. Kompyuta yangu ilikuwa kwa fundi, kwa hiyo Mkuu aliniambia nitumie ya Bobini. Ilipofika Ijumaa ya mwisho nikatoa orodha. Matawi ishirini na tatu. Nikafuta ya Profesa, nikafuta ya wengine, nikafika kwenye bobini la kwanza. Mama, unakaza kidole tu, ni kitufe kimoja. Sikuweza.

Nikafikiri, niyape mwezi mmoja tu. Na kuna njia ya kulipa tawi mwezi. Unaliongezea badiliko tupu, yaani kama karatasi isiyoandikwa kitu, iliyogongwa tu muhuri wa jina na tarehe. Halibadilishi chochote, lakini tawi linaonekana limeguswa na halitokei tena kwenye orodha. Nikafanya hivyo kwa yote kumi na moja. Nikainua macho kwenye kioo cha ukutani. Palikuwa pameandikwa Bobini, sasa hivi. Bobini, sasa hivi. Mara kumi na moja. Nilikuwa nimesahau kwamba kompyuta ni yake, na kompyuta huandika jina la mwenyewe, haiulizi vidole ni vya nani.

Nilikuwa bado nimeshika kinywa simu yangu ilipoita, na ulikuwa wewe.

Ndiyo, Mama. Ni mimi. Mfumo wetu humpelekea mwenye tawi taarifa kila linapoguswa, na barua pepe zake za kazi zilikuwa bado zinaingia kwenye ile simu iliyoko dirishani. Kompyuta haikujiendesha. Ilikuwa mikono yangu.

Kosa la mara ya kwanza ungenisamehe, nakujua. Yanayonisumbua ni yaliyofuata. Jioni ile ulinipigia tena. Ulisema umemaliza gauni la yule mwalimu lililolala tangu msiba. Ulisema umekula. Sauti yako ilikuwa imerudi mahali pake, hata ukanitania kuhusu nywele zangu. Nami nikajiambia kwamba nimepata dawa. Mwezi wa pili kompyuta yangu ilikuwa imeshapona, iko mezani kwangu. Nilihamia kwenye yake makusudi. Nilingoja saa kumi ifike kwa sababu najua saa kumi unakuwa umekaa. Mwezi wa tatu hivyo, wa nne hivyo. Mara tisa, Mama. Na sitakudanganya tena kwa kusema nilifanya kwa ajili yako tu. Mimi pia nilikuwa nainua macho kulitazama jina lake na kusoma sasa hivi.

Sikujua kwamba huku naweka jina lake hai, huko nakutoa jicho.

Jumatatu ileile ya Mama mdogo, asubuhi, tulikuwa tunapeana taarifa za kazi. Tuna binti mgeni, ana wiki mbili tu, mchangamfu, mdomo hauna mlango. Akaangalia kioo akauliza huyu Bobini ni nani, mbona yeye hajawahi kumwona, mbona anafanya kazi siku moja tu kwa mwezi, tena kwa muda wa saa moja. Kama kuna nafasi ya namna hiyo na yeye aandikishwe. Alitegemea tucheke. Feni ikagonga, ikagonga. Profesa akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Mkuu aliniita kando, kwenye ngazi. Alisema amejua tangu mwezi wa pili. Hakunifokea. Alisema na yeye hakuwa na uso wa kunikemea, kwa kuwa ni yeye aliyetakiwa kuifunga anwani ya barua pepe ya marehemu siku ya kwanza, na mpaka leo kila akiifungua ili aifunge anajisingizia kukumbuka dawa ya kikohozi ambayo hajaimaliza nyumbani, anaondoka. Mchana Mama mdogo akapiga.

Alhamisi nilikaa kwenye kiti chake kwa mara ya mwisho, miguu ikining'inia. Sikungoja saa kumi. Ilikuwa asubuhi, jua liko mezani, wenzangu wanajifanya wana kazi nyingi. Nikaanza kufuta. Na hapa ndipo nilipoona nililolifanya. Ghala letu halikubali tu kufuta tawi. Kwanza hulilinganisha na shina, na likikuta humo kitu ambacho hakijaingia kwenye shina, hukataa na kukuonya kwamba ukifuta kitu hicho kitapotea. Matawi ya Bobini, aliyoyaacha yakiwa yameunganishwa yote, sasa yalikataa. Moja baada ya jingine, yote kumi na moja, kila moja likinionya kwamba kuna kazi ndani yake haijaunganishwa. Nikaifungua kazi hiyo kuitazama. Ilikuwa yale mabadiliko yangu matupu. Kazi yake yote ilikuwa salama kwenye shina. Kilichokuwa kimening'inia kilikuwa changu mimi, na hakikuwa na kitu ndani.

Nililazimisha mara kumi na moja. Tawi lako nililiacha likawa la mwisho. Mgeni alikuja taratibu akaniwekea maji mezani, akaniita dada, akaondoka. Nadhani walikuwa wamemweleza. Nilipomaliza nikatafuta kwenye shina pale ilipo kazi yako. Ipo. Kila mstari una jina lake pembeni na siku aliyouandika, siku ya kweli, akiwa hai. Hilo halifutwi na mtu, wala mimi. Jioni Mkuu akaifunga ile anwani, mimi nimesimama nyuma yake.

Kwa hiyo, Mama, simu haitalia. Nisingependa ukae kitandani pale Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu ukihesabu, ndiyo maana nimeandika mapema. Ukitaka iendelee kukaa kwenye chaji, iache. Ukitaka kunikasirikia, una haki, na mimi sitakuja na maelezo mengine. Wewe mwenyewe bado umetundika karatasi ya suruali ya Baba nyuma ya mlango, na sikuwahi kukuambia uitoe. Lakini mtu akija kuagiza suruali humtumii Baba kana kwamba bado yu hai. Mimi nilimtumia Bobini, bila idhini yake, nikakutumia na wewe. Nisamehe.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kigumu nimekifunga kwa kitambaa. Ni bobini yako ya chuma, yenye uzi mwekundu, ile uliyonisingizia mimi kwamba nimeipoteza nikiwa darasa la sita, ukanichapa kwa rula. Nimeikuta kwenye droo ya meza yake. Miaka yote hiyo ananiona nasingiziwa, amenyamaza. Akiwa huko aliko, naamini anacheka.

Ijumaa hiyo nitakuja mimi. Nimeomba ruhusa, na Mkuu amenipa kabla sijamaliza sentensi. Nitafika Alhamisi jioni, Mama mdogo atatangulia kutuwekea nafasi. Hospitali ile sasa inatumia programu yetu mpya. Tutakaa kwenye benchi, nitakuwa kimya, wewe sikiliza. Namba yako itaitwa tarakimu moja moja, polepole. Usishtuke wala usikimbilie kuinuka kwenye wito wa kwanza. Kaa. Inua kichwa kama alivyotaka. Sekunde nne hizo ni zako, kisha utaitwa tena.

Msalimie sana Mama mdogo, mwambie ukuta umejibu. Msalimie na yule mwalimu, na jirani wa mlango wa pili, na paka wake mwizi. Ukimaliza kusoma kunja barua uiweke kwenye kopo la vifungo, na upumzishe macho.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda,

Mkubwa wako